Mwanao Anasoma Kaunti Yetu: Anachouliza na Unavyoweza Kumjibu

Ikiwa una mtoto katika Gredi ya 4, huenda amekujia jioni na maswali ambayo hukuyatarajia. Kaunti ya Kilifi inapakana na kaunti zipi? Kwa nini Kaloleni kuna minazi mingi na Bamba ni ufugaji? Mekatilili alifanya nini hasa? Anayemlipa mwalimu wetu ni gavana?

Usimfukuze akacheze. Hayo si maswali ya udadisi tu, ni kazi ya darasani. Kwa mwaka mzima, mwanafunzi wa Gredi ya 4 hujifunza kuhusu kaunti anayoishi: ardhi yake, watu wake, historia yake, uchumi wake na serikali yake. Vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) huandikiwa nchi nzima, na haviwezi kueleza kaunti zote 47 moja baada ya nyingine. Kitabu humwambia mtoto: chunguza kaunti yako, waulize watu wazima, kisha uje uwaeleze wenzako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili iko nyumbani kwako.

Makala haya yanaeleza wanachojifunza watoto wa Gredi ya 4, 5 na 6, yanakupa habari za msingi kuhusu Kilifi unazoweza kumpa mwanao, na yanaonyesha kwa nini kazi hizi ndogo ndogo zina uzito katika rekodi yake ya masomo.

Masomo manane, vipindi 35 kwa wiki

Mtaala wa umilisi, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la CBC, ulianza kutumika kote nchini Januari 2019 kuanzia shule ya awali hadi Gredi ya 3. Ulichukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwepo tangu 1985. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 4 mwaka wa 2020, likafanya tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, KPSEA, mwishoni mwa 2022, na kuingia Gredi ya 7 Januari 2023. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa Novemba 2023.

Shule ya msingi sasa ina miaka sita. Gredi ya 1 hadi ya 3 ni ngazi ya chini, na Gredi ya 4 hadi ya 6 ni ngazi ya juu. Masomo ya ngazi ya juu yalikuwa mengi zaidi hapo mwanzo, na wazazi wakalalamika kuhusu mzigo wa vitabu. Baada ya jopo la rais kuhusu mageuzi ya elimu kutoa ripoti yake mwaka wa 2023, baadhi ya masomo yaliunganishwa. Leo mwanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 ana masomo manane: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanafunzi viziwi), Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, na Sanaa Bunifu. Kwa wiki ana vipindi 35, kila kimoja cha dakika 35.

Wazazi waliosoma 8-4-4 wataona kwamba majina mengi ni yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kufundisha. Zamani tulikariri orodha ya milima, mito na maziwa, tukaijibu kwenye mtihani, kisha tukaisahau. Sasa mwalimu hutakiwa kumfikisha mwanafunzi mahali pa kutumia alichojifunza: achore ramani, apande mboga, ahoji mzee, apange makundi, aeleze mbele ya darasa. Mtaala unataja umilisi wa aina saba ambao kila somo linapaswa kuukuza: mawasiliano na ushirikiano, uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia, ujuzi wa kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini.

Kutoka kaunti hadi Afrika Mashariki

Masomo ya Jamii katika ngazi hii yamepangwa kama hatua za mtu anayetoka nyumbani. Gredi ya 4 huanza na kaunti. Gredi ya 5 hupanuka hadi Kenya nzima. Gredi ya 6 huvuka mipaka na kuangalia eneo la Afrika Mashariki.

Mpangilio huu una maana kwa mzazi. Mtoto asiyeelewa kaunti yake katika Gredi ya 4 atapata shida katika Gredi ya 5 akiulizwa alinganishe Pwani na Bonde la Ufa, kwa sababu hana la kulinganisha nalo. Anayejua kwa macho yake jinsi Mto Sabaki unavyobeba udongo mwekundu hadi baharini wakati wa mvua atauelewa mmomonyoko wa udongo popote duniani.

Hebu sasa tuingie darasani, mada kwa mada, tukitumia Kilifi yetu.

Mahali tulipo

Mwanafunzi huanza na pande za dira, kisha huonyesha kaunti yake kwenye ramani. Kilifi inapakana na Tana River upande wa kaskazini, Taita Taveta upande wa magharibi, Kwale na Mombasa upande wa kusini, na Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Ina maeneobunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Ndani yake kuna wadi 35, na makao makuu ni mjini Kilifi.

Njia nzuri ya kumsaidia mtoto haihitaji pesa. Asubuhi simama naye uani, mwonyeshe jua linapochomoza, na umwambie aelekeze bahari iko wapi. Akishajua mashariki, mwache atafute pande nyingine tatu mwenyewe, kisha aseme soko, zahanati na shule ziko upande gani wa nyumba yenu.

Misimu na pepo

Darasani atajifunza kuhusu misimu. Kwetu, masika huleta mvua kubwa kuanzia karibu mwezi wa Aprili, na vuli huleta mvua fupi mwishoni mwa mwaka. Wavuvi wana kalenda yao pia: kusi huvuma katikati ya mwaka na kuichafua bahari, na kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi karibu na Machi, bahari ikawa tulivu zaidi.

Ukanda wa karibu na bahari hupata mvua nyingi kuliko bara. Ndiyo maana Kaloleni na Rabai zinajulikana kwa minazi, ilhali familia nyingi za Ganze hutegemea ng'ombe na mbuzi na hulima kwa kubahatisha mvua. Ikiwa wewe ni mvuvi, mkulima au mfugaji, una somo zima la kumfundisha mwanao hapa. Mwambie ni dalili gani unazitazama kabla ya kupanda au kushua chombo. Hilo huenda halimo kitabuni.

Watu wetu kwa hesabu

Katika sensa ya 2019, Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787. Katika sensa ya 2009 walikuwa 1,109,735. Mpe mwanao namba hizo mbili na umwambie atafute tofauti. Atapata 344,052. Amefanya hesabu ya kutoa, na pia amepata swali la Masomo ya Jamii: watu zaidi ya laki tatu walioongezeka kwa miaka kumi wanahitaji maji, zahanati na madarasa kutoka wapi?

Atauliza pia kwa nini watu wamejaa mijini na kando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, na kwa nini ni wachache kule bara. Jibu analo mwenyewe katika mada iliyotangulia: maji, udongo na kazi.

Historia iliyo karibu kuliko tunavyodhani

Mada ya majengo na maeneo ya kihistoria ndiyo inayoipa Kilifi nafasi ya pekee. Watoto wengi nchini husoma kuhusu maeneo haya kwa picha. Wetu wanaweza kuyagusa.

Magofu ya Gede, karibu na Watamu, ni mabaki ya mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, wenye msikiti mkuu, kasri na visima. Vyombo vya kauri kutoka Uchina vilivyochimbuliwa humo vinaonyesha jinsi biashara ya watu wake ilivyofika mbali. Wakazi wake waliuhama katika karne ya 17. Mwaka wa 2024 UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kaya za Mijikenda zilitangulia katika orodha hiyo mwaka wa 2008. Hivi ni vijiji vya zamani vilivyozungukwa na msitu, ambavyo watu walivihama polepole lakini wazee wakaendelea kuvitunza kwa heshima na miiko. Kwa sababu ya miiko hiyo, miti imebaki pale ambapo kwingine ilikatwa zamani. Mtoto akisoma kuhusu utunzaji wa mazingira, huu ni mfano uliofanya kazi kwa mamia ya miaka.

Malindi ilipokea meli za Vasco da Gama mwaka wa 1498, na hapo ndipo alipopata nahodha wa kumwongoza hadi India. Rabai ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha kituo cha misheni katika miaka ya 1840.

Kisha kuna Mekatilili wa Menza. Mwaka wa 1913 aliwaongoza Wagiriama kupinga utawala wa Waingereza waliotaka kodi na vijana wa kufanya kazi kwa lazima. Walimkamata na kumpeleka Kisii, mbali na kwao, lakini alitoroka na kurudi. Mwaka wa 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo. Watoto husoma habari hizi kwa ufupi. Nyanya na babu wanaoishi nawe huenda walizisikia kwa wazee wao kwa urefu zaidi. Kila mzee anayeondoka bila kuulizwa huondoka na sehemu ya somo hili.

Jambo moja la tahadhari: kaya zina taratibu zake. Ikiwa shule au familia inataka kuwapeleka watoto, wazee wa kaya waombwe ruhusa kwanza, na watoto waambiwe mapema yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa.

Jinsi tunavyopata riziki

Mwanafunzi hutakiwa kutaja rasilimali na shughuli za kiuchumi za kaunti yake. Kwetu ataanza na uvuvi, minazi, mikorosho, mananasi ya Magarini, mkonge wa Vipingo, mifugo ya Ganze, chumvi ya Gongoni na Marereni, na utalii wa Malindi na Watamu.

Mfano unaopendwa na walimu ni ule wa Kipepeo, mradi ulioanzishwa mwaka wa 1993 kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima wanaoishi pembeni mwa msitu hufuga viwavi wa vipepeo na kuuza mabuu yao nje ya nchi. Wanahitaji msitu usimame ili wapate mbegu ya vipepeo, na kwa hiyo wana sababu ya kuulinda. Mtoto akielewa hilo, ameelewa maana ya kutumia rasilimali bila kuimaliza.

Kaunti inafanya nini, na haifanyi nini

Hii ndiyo mada ambayo watoto huwashinda wazazi. Gredi ya 4 husoma muundo wa serikali ya kaunti: gavana na naibu wake, kamati kuu ya kaunti, na bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi. Hujifunza pia kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti, na kwamba serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013.

Kaunti hushughulikia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, maji na usafi wa mazingira, barabara za kaunti, masoko, na uzoaji taka. Katika elimu, kazi ya kaunti ni shule za awali (PP1 na PP2), vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wachanga.

Shule ya msingi haimo katika orodha hiyo. Mwalimu wa Gredi ya 4 huajiriwa na kulipwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Fedha za kuendesha shule ya msingi ya umma hutoka serikali ya kitaifa, na madarasa mengi hujengwa kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge (NG-CDF). Mwalimu wa PP1 katika ua huo huo ni mwajiriwa wa kaunti. Ua ni mmoja, lango ni moja, lakini kuna serikali mbili ndani yake.

Tunalieleza hili kwa uwazi kwa sababu ofisi zetu hupokea malalamiko ambayo hatuna mamlaka ya kuyatatua, na mkazi hupoteza nauli na siku nzima. Darasa la Gredi ya 5 likivuja, anza na mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wa shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo iliyo chini ya Wizara ya Elimu, au ofisi ya NG-CDF. Darasa la PP2 likivuja, huo ni mzigo wetu: njoo kwa msimamizi wa wadi au idara ya elimu ya kaunti. Vivyo hivyo kwa barabara. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi ni ya serikali ya kitaifa, na barabara nyingi ndogo za vijijini ni za kaunti.

Na kaunti ikishindwa kufanya lililo lake, huwezi kuambiwa kwamba si kazi yetu. Mtoto wa Gredi ya 4 atakuonyesha ilipoandikwa.

Bajeti ina tarehe zake

Sehemu ya somo la uraia ni ushiriki wa umma. Sheria inaipa kaunti kalenda, na ni vyema mzazi na mtoto waijue. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya sera ya fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili.

Maana yake kwa kijiji chenu ni hii. Anayetaka kisima au darasa la PP1 liwekwe katika bajeti inayoanza Julai hawezi kuja kuliomba Juni. Anapaswa kuwa amelisema karibu mwaka mmoja kabla, mpango ulipokuwa ukiandaliwa, na kulirudia katika vikao vya umma kabla ya Aprili. Kikao cha wadi hakihitaji mwaliko wa mtu binafsi. Kila mkazi ana haki ya kuhudhuria na kusema.

Kilimo na Lishe: somo linaloingia jikoni

Masomo ya Jamii yana vipindi vitatu kwa wiki. Kilimo na Lishe ina vinne, na ndilo somo ambalo mzazi huliona kwa macho. Mtoto anaweza kurudi nyumbani akitaka gunia kuukuu ili apande sukuma wiki au mchicha. Anaweza kutengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, kukinga maji ya mvua yanayotoka bati, au kupanga mawe kuzuia udongo usisombwe.

Katika sehemu kavu za Ganze na Magarini, kazi hizi si mchezo. Bustani ya gunia hutumia maji kidogo kuliko tuta la kawaida, na maji yaliyooshewa mboga yanaweza kuinyweshea. Mpe mwanao pembe moja ya ua na umwache aitunze mwenyewe, hata kama mche wa kwanza utakauka. Mwalimu atamwuliza kwa nini ulikauka, na jibu hilo nalo ni somo. Ukitaka ushauri zaidi, afisa wa kilimo wa kaunti katika wadi yako anaweza kukusaidia. Kilimo ni kazi yetu.

Kwa nini kazi hizi zina uzito

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba miradi hii ni ya kupoteza muda mpaka mtihani ufike. Sivyo ilivyopangwa. Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) hutumia tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 4, 5 na 6, na walimu hupeleka matokeo yake kwa Baraza. Kwa mpango huo, tathmini za shuleni hubeba asilimia 60 na KPSEA ya Gredi ya 6 hubeba asilimia 40.

KPSEA haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7. Wote huendelea. Lakini haitupwi. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu baada ya Gredi ya 9, KPSEA huhesabiwa kwa asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9 asilimia 60. Rekodi inayoanza akiwa na miaka kama kumi humfuata hadi anapochagua njia ya maisha.

Hapo ndipo penye hatari kwa watoto wetu. Mtoto anayekosa shule wiki tatu kwa sababu familia imehama kutafuta malisho, au kwa sababu amepelekwa pwani msimu wa samaki, au msichana anayebaki nyumbani kulea mdogo wake, hakosi masomo tu. Huenda akakosa tathmini yenyewe. Ikiwa kuna sababu ya lazima, mwambie mwalimu mapema ili aone namna ya kumfidia. Ukimya humwachia mtoto pengo ambalo mwalimu hawezi kulijaza kwa kubahatisha.

Kwenye ripoti utaona maneno badala ya nafasi ya kwanza au ya arobaini: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Usimwulize mwanao amekuwa wa ngapi. Mwulize ni jambo gani bado linamshinda, kisha umwulize mwalimu swali hilo hilo.

Kuhusu gharama

Lalamiko la mara kwa mara ni vifaa. Mtaala wenyewe unahimiza vitu vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Kwa Sanaa Bunifu, makuti na ukili wa kusuka vinatosha. Ramani ya kaunti inaweza kuchorwa upande wa nyuma wa kalenda ya zamani. Dira ya mchezo hukatwa kwenye boksi. Ukiambiwa ununue kitu usichokimudu, zungumza na mwalimu kuhusu mbadala kabla ya kukopa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza ada za masomo katika shule za umma, na haimruhusu yeyote kumnyima mtoto nafasi shuleni kwa kushindwa kulipa michango mingine. Sheria hiyo hiyo inamfanya mzazi kuwajibika kuhakikisha kwamba mtoto yuko shuleni.

Mzazi asiyesoma anaweza kusaidia?

Anaweza, na katika somo hili wakati mwingine kuliko aliyesoma. Mtaala umetenga nafasi rasmi ya mzazi katika kujifunza kwa mtoto, na haujasema mzazi huyo awe na cheti. Haya ni mambo ya kufanya wiki hii:

1. Mwambie mwanao jina la kijiji chenu lilitokana na nini. Kama hujui, mwende pamoja kwa anayejua.
2. Mweleze ukoo wenu na mahali mababu zenu walitoka kabla ya kuishi hapo mlipo.
3. Mkipita njiani, mwonyeshe zahanati, kisima, shule na barabara, na mwache aseme kila kimoja ni cha serikali gani.
4. Mwache akuelezee alichojifunza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Anayeweza kukieleza kwa lugha ya nyanya yake amekielewa.
5. Kikao cha umma kikiitishwa katika wadi yenu, nenda naye. Akae kimya asikilize, na mkirudi akueleze alichosikia.

Mkazi mwenye swali kuhusu shule za awali, vyuo vya ufundi au huduma nyingine za kaunti aende kwa msimamizi wa wadi yake. Mwenye swali kuhusu somo au tathmini ya mwanao aanze na mwalimu wa darasa. Na ukikuta katika makala haya jambo la kijiji chenu ambalo hatukulitaja, mwambie mwanao kwanza. Huenda kesho akaulizwa.